Kimeng'enya kisichosimama: kisa cha lipoprotini moja katika maabara ya Unguja

Mchana mmoja wa mwezi wa Februari, kaskazi ikiwa inakaribia kumaliza msimu wake, mwanafunzi wangu wa shahada ya uzamili, binti mwenyeji wa Wete, aliingia na karatasi ya naitroselulosi ikiwa bado mbichi ndani ya kisahani cha plastiki, akaiweka mbele yangu na kusema, "Mwalimu, imeonekana. Ipo nje." Juu ya karatasi kulikuwa na safu mbili. Katika safu ya kushoto, ya seli ambazo hazikuguswa na kimeng'enya, bendi, yaani mstari, ya protini yake ilikuwa nene na nyeusi. Katika safu ya kulia, ya seli zilizowekwa pamoja na protinasi K, kimeng'enya kinachokata protini, kwa dakika 30, pahala pa bendi ile palikuwa peupe. Kwa mtu aliyekuwa na hamu ya jibu, picha ile ilikuwa jibu: protini imeliwa, aliyeila alikuwa nje ya seli, basi protini nayo ilikuwa nje.

Ninakiandika kisa hiki kwa ukamilifu kwa sababu jibu lile halikuwa sahihi, na kwa sababu kosa lililolizaa lilitokana na mazoea niliyomfundisha mimi mwenyewe.

Bakteria wa kundi la Gram-hasi, wakiwamo Escherichia coli (E. coli) na Vibrio cholerae, bakteria wa kipindupindu, wana gamba la tabaka tatu: utando wa nje, chini yake kuta nyembamba ya peptidoglikani, na chini ya kuta hiyo utando wa ndani unaofunika saitoplazimu, yaani ujiuji wa ndani ya seli. Nafasi iliyo baina ya tando mbili, ambamo kuta ya peptidoglikani imekaa, huitwa periplazimu. Mfano ninaowapa wanafunzi ni nyumba ya Mji Mkongwe. Baraza iko nje na kila mpita njia anaweza kuigusa. Ukipita mlango mkubwa unaingia uani. Na baada ya ua ndipo vilipo vyumba. Utando wa nje ndio ukuta wenye mlango, periplazimu ni ua, na saitoplazimu ni vyumba. Mlango huo una vitundu vilivyotengenezwa na protini ziitwazo porini, navyo huruhusu molekuli ndogo tu, zenye uzito usiozidi daltoni 600 hivi (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli). Protinasi K ina uzito wa daltoni 28,900, yaani karibu mara 48 ya kiwango hicho, kwa hivyo maadamu utando wa nje ni mzima, kimeng'enya hicho hubaki barazani na hukata kile tu kinachojitokeza barazani.

Hapo ndipo ulipo msingi wa njia nzima. Anayepara samaki huondoa magamba bila ya kugusa nyama, na mtafiti anayezipara seli kwa protiasi, yaani kimeng'enya kinachokata protini, hutarajia jambo hilo hilo: vinavyojitokeza nje vinyolewe, vya ndani visalie. Baada ya muda uliopangwa kimeng'enya husimamishwa, seli huyeyushwa, protini hutenganishwa kwenye jeli kwa uzito wake na kuhamishiwa kwenye karatasi ya naitroselulosi, kisha kingamwili huonyesha ipi imesalia na ipi imekwenda. Njia ni rahisi, haihitaji mashine ya bei kubwa, na kwa maabara ya visiwani, ambapo kifaa kikiharibika huchukua miezi kupata fundi, sifa hiyo ina uzito wake.

Wala njia hii si ngeni katika elimu ya magamba ya bakteria. Mwaka 1969, nchini Ujerumani, Volkmar Braun na mwenzake Rehn walitia tripsini katika myeyusho wa kuta za E. coli wakaona ukungu wa myeyusho ukipungua haraka. Tripsini hukata baada ya asidi amino mbili tu, laisini na ajinini, na kwa mkato huo mdogo iliachanisha peptidoglikani na protini iliyokuwa imeifunga kwenye utando wa nje. Protini hiyo ndiyo inayojulikana leo kwa jina la lipoprotini ya Braun. Ina asidi amino 58 tu, na ni miongoni mwa protini zilizo nyingi kuliko zote ndani ya E. coli. Ninawasimulia wanafunzi habari hii kila mwaka, kwa kuwa inaonyesha namna kimeng'enya kimoja, kikitumiwa na mtu aliyekijua kinakata wapi, kilivyofichua kiungo ambacho hakuna aliyekuwa amekiona.

Swali la binti yule lilihusu lipoprotini nyingine. Jeni yake imetoka katika Vibrio cholerae, lakini kwa usalama ilikuwa imepandikizwa katika plasmidi, kipande kidogo cha DNA cha mviringo, na kuwekwa ndani ya E. coli K-12, aina ya MG1655, isiyo na madhara. Lipoprotini hushikilia utando kwa mafuta yaliyofungwa kwenye asidi amino yake ya kwanza, ambayo ni sisteini, na mwili wake uliobaki huning'inia upande mmoja au mwingine wa utando. Kwenye ncha ya mwisho tuliunganisha asidi amino 6 za histidini ili kingamwili ipate pa kushika. Alichotaka kukijua ni kama ncha hiyo inaning'inia barazani au uani.

Kwetu sisi hilo si swali la vitabuni. Kipindupindu kimeripotiwa Zanzibar tangu mwaka 1978 na kimerudi mara nyingi. Mwaka 2009 chanjo ya kunywa, iliyotengenezwa kwa seli nzima za Vibrio cholerae O1 zilizouawa pamoja na sehemu B ya sumu yake, ilitolewa katika shehia kadhaa za Unguja na Pemba, na karibu watu 24,000 walipata dozi zote mbili. Kingamwili anayozalisha mtu aliyechanjwa, kama kilivyo kimeng'enya chetu, haiwezi kuupenya utando wa nje ulio mzima. Hushika kilichopo barazani. Ndiyo maana anayependekeza protini fulani iwe sehemu ya chanjo ya baadaye huulizwa kwanza protini hiyo imekaa upande gani, na jibu likiwa la uongo, kazi ya miaka itajengwa juu ya mchanga.

Sasa nirudi kwenye karatasi. Nilimuuliza kama alikuwa amepima pia protini ya ndani, ya chumbani, akaniambia amepima GroEL na picha yake iko kwenye simu. GroEL ni protini ya saitoplazimu. Husaidia protini nyingine kujikunja, na haina shughuli yoyote nje ya utando wa ndani. Katika safu ya kushoto bendi yake ilikuwapo. Katika safu ya kulia haikuwapo. "Mwanangu," nilimwambia, "na hii GroEL nayo ipo barazani?" Alinyamaza kidogo, kisha akavuta kiti akakaa, na mazungumzo yetu ya kweli yakaanza hapo.

Alikuwa amedhani kwamba GroEL imepotea kwa sababu baadhi ya seli zilipasuka, na kwamba kupasuka kwa baadhi hakubatilishi alichokiona. Dhana hiyo ina mantiki, lakini haikulingana na picha: bendi haikuwa imefifia kidogo, ilikuwa haipo kabisa, na kama seli zote zimepasuka basi hakuna tena nje wala ndani. Kulikuwa na uwezekano wa pili ambao hakuufikiria. Huenda seli zilikuwa nzima muda wote wa dakika 30, na protinasi K ikabaki barazani kama inavyotakiwa, lakini ilipofika wakati wa kuiua haikufa, ikaingia hai katika bafa ya sampuli, yaani myeyusho wa kuziandaa protini kwa ajili ya jeli. Bafa hiyo ina SDS, sabuni inayoyeyusha tando zote na kuzifumua protini. Vimeng'enya vingi hufumuliwa pamoja na kila kitu, lakini protinasi K ni ya namna ya peke yake: huendelea kufanya kazi ndani ya SDS, tena hukata vizuri zaidi, kwa kuwa protini zilizofumuliwa ni rahisi kukatwa kuliko zilizokunjika. Katika hali hiyo kila protini ya seli, ya barazani, ya uani na ya chumbani, huliwa ndani ya tyubu baada ya jaribio kwisha, na karatasi inayopatikana huonyesha weupe ule ule.

Uwezekano huu wawili hautofautishwi kwa macho. Ulihitaji majaribio, nasi tukayafanya kwa mpangilio.

La kwanza lilikuwa la gharama ndogo, nalo pia ni la kimeng'enya. Aina ya MG1655 ina jeni nzima ya beta-galaktosidasi, kimeng'enya kinachokaa katika saitoplazimu, na kichocheo cha IPTG tulichokitumia kuwasha plasmidi ndicho hicho hicho kinachoiwasha jeni hiyo. Kemikali ya ONPG haina rangi, lakini ikikatwa na beta-galaktosidasi myeyusho hugeuka manjano. Tulichukua seli zilizopitia hatua zote, kuoshwa kwa bafa ya fosfeti na kukaa dakika 30 katika nyuzi 37, ila bila ya protinasi K, kwa kuwa ingeweza kukiharibu kimeng'enya tunachokitafuta. Tukazizungusha kwa kasi mpaka seli zikatuama chini, tukachukua maji ya juu, tukatia ONPG. Maji yale yalikaa meupe. Seli zenyewe, zilipovunjwa kwa klorofomu na SDS kidogo, ziligeuka rangi ya manjano ya bizari katika dakika chache. Seli hazikuwa zimepasuka.

Jaribio hilo linazungumzia utando wa ndani tu. Utando wa nje unaweza kuvuja huku vyumba vikiwa salama, na kwa hilo tulihitaji shahidi mwingine, ambaye ni OmpA. Nitakaa kidogo juu ya protini hii kwa sababu nadhani ni mlinzi bora wa mlango kwa anayefanya kazi na E. coli. OmpA ina asidi amino 325. Sehemu yake ya mwanzo, kiasi cha asidi amino 171, imejikunja kuwa pipa la nyuzi 8 lililopandwa ndani ya utando wa nje; sehemu ya mwisho inaning'inia uani na kushikana na peptidoglikani. Vitanzi vyake vinavyojitokeza nje ni vifupi na vimebanana, kwa hivyo katika seli nzima protiasi hizi haziikati. Utando wa nje ukifunguka, protiasi huingia uani na kuula mkia, ilhali pipa, likiwa limekunjika ndani ya utando, husalia. Kwa tripsini kipande hicho kinachosalia huonekana kwenye jeli karibu na kilodaltoni 24, chini ya OmpA kamili ambayo iko kwenye 35. Kwa hiyo OmpA inaposalia nzima, mlango umefungwa. Kikionekana kipande, mlango umefunguliwa lakini utando upo.

Tulipoitazama OmpA katika sampuli za mwanzo, hakukuwa na bendi nzima wala kipande cha kueleweka, ila kivuli hafifu. Mlango uliofunguliwa ungetuachia pipa. Hapa hata pipa lilikuwa limeliwa, na pipa haliliwi mpaka lifumuliwe, na kilicholifumua ni SDS na joto.

Ushahidi ulikuwa unaelekea upande mmoja, lakini kuelekea si kuthibitisha. Jaribio lililokata shauri ni lile ambalo lingepaswa kuwamo tangu siku ya kwanza, na ambalo sisi tunaliita la muda sifuri. Katika tyubu yenye seli hutiwa kwanza kizuizi, yaani kemikali ya kukisimamisha kimeng'enya, kisha protinasi K, na mara moja bafa ya sampuli, bila ya kuzipa seli hata dakika moja na kimeng'enya kilicho huru. Kizuizi kikiwa kinafanya kazi, kila bendi husalia. Alilifanya kwa kutumia bafa ile ile iliyokuwa bado mezani, akanionyesha: GroEL haipo, OmpA haipo, protini yake haipo. Jaribio ambalo kimeng'enya hakikupewa nafasi ya kuzipara seli lilitoa jibu lile lile la dakika 30. Hapo hapakubaki ubishi.

Kwa nini kizuizi kilikuwa kimekufa? Kizuizi chetu ni PMSF, ambacho hujifunga kwenye serini, asidi amino iliyo katika kitovu cha protiasi za kundi la protinasi K, na kuilemaza moja kwa moja. Kikiwa katika isopropanoli kavu, ndani ya friza, hukaa muda mrefu. Kikiingia majini huvunjwa na maji yenyewe, na kasi ya kuvunjwa hutegemea pH. Katika nyuzi 25, nusu yake hupotea kwa dakika 110 kwenye pH 7, kwa dakika 55 kwenye pH 7.5, na kwa dakika 35 tu kwenye pH 8. Bafa yetu ya kusimamishia ilikuwa Tris ya pH 8.

Nikaichukua chupa. Ilikuwa na kibandiko cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu ya wino wa buluu: jina la bafa, "PMSF 1 mM", na tarehe. Saa haikuandikwa. Nilimuuliza aliitengeneza saa ngapi, akasema saa mbili asubuhi, "kama ulivyotufundisha, Mwalimu, bafa zote zitengenezwe asubuhi kabla ya kuanza kazi." Aliitumia saa saba mchana. Ni saa 5, yaani dakika 300, na ndani ya dakika hizo nusu ilipotea, na nusu ya nusu, mara 8 na zaidi. Kilichosalia hakikufika sehemu 1 kati ya 350 ya alichokitia. Hesabu hiyo ni ya nyuzi 25. Siku ile umeme ulikatika kabla ya adhuhuri, kiyoyozi kikazimika, kipimajoto cha ukutani kikasoma 31, na katika joto zaidi kasi huwa kubwa zaidi.

Tuliifuatisha hesabu hadi mwisho kwenye ubao. Kutoka milimola 1 kwa lita, kilichosalia ni chini ya maikromola 3, na kikichanganywa kwa kiasi sawa na seli huwa chini ya 1.5. Protinasi K tuliyotumia, maikrogramu 100 kwa mililita, ni maikromola 3.5, na baada ya mchanganyiko huo ni kama 1.7. Molekuli za kizuizi zilikuwa chache kuliko za kimeng'enya. Hata kama kila moja ingelishika shabaha yake, bado kungelibaki kimeng'enya huru, na PMSF haishiki kwa kasi hivyo.

Likatokea na la pili juu ya hilo. Umeme uliporudi, kifaa cha kupashia tyubu kilianza kupanda joto taratibu, na binti yule, akiogopa usikatike tena, alizitia tyubu zake kabla hakijafika nyuzi 95. Zilikaa dakika kadhaa baina ya nyuzi 50 na 65, ambako protinasi K hufanya kazi kwa nguvu zake zote. Huwezi kumlaumu. Hakuna mahala katika maelekezo yetu ya maandishi paliposema kifaa kiwe kimeshapata moto, kwa kuwa mwandishi wa maelekezo, ambaye ni mimi, aliyaandika akiwa katika chumba ambacho kifaa huwashwa asubuhi na umeme haukatiki.

Kanuni ya kutengeneza bafa zote asubuhi nimeifundisha kwa miaka mingi, na kwa bafa nyingi ni kanuni nzuri. Kwa bafa yenye PMSF ni sumu ya jaribio. Jambo hili lilinisikitisha kwa namna isiyokwisha haraka, kwa maana nilianza kujiuliza ni picha ngapi za nyuma zilizopita mikononi mwangu zikiwa na weupe wa aina hii. Nilirudi kwenye madaftari na kukuta jaribio moja jingine lililofanywa kwa namna hiyo hiyo bila ya muda sifuri. Aliyelifanya ameshahitimu, nimempelekea ujumbe na maelezo yote.

Tulirudia kazi yote. PMSF ilitolewa kwenye friza ikiwa katika isopropanoli na kutiwa moja kwa moja ndani ya tyubu, mkononi glovu, kwani ni kemikali yenye sumu, hadi kufikia milimola 5, mara tu dakika 30 zilipotimia. Hatukuitegemea peke yake. Baada ya dakika 5 juu ya barafu tulitia asidi ya trikloroasetiki hadi asilimia 10, ambayo huzigandisha protini zote, kimeng'enya kikiwamo, na kukiondolea uwezo pale pale. Tulizizungusha, tukaziosha kwa asetoni baridi kuondoa asidi, na ndipo zikaingia katika bafa ya sampuli, kwenye kifaa kilichokwisha kufika nyuzi 95. Barafu tuliinunua kwa wauza samaki, kwa kuwa mashine yetu ilikuwa bado haijapata baridi. Barafu ni barafu, ilimradi tyubu isifunguke.

Safari hii muda sifuri ulionyesha kila bendi mahala pake. Baada ya dakika 30 GroEL ilikuwapo, OmpA ilikuwa nzima kwenye 35, na lipoprotini yake, yenye histidini 6 mwishoni, ilikuwapo kwa unene ule ule wa mwanzo. Ncha haikuwa barazani.

Mtu angeweza kuishia hapo na kusema protini iko ndani, lakini angekosea kwa upande wa pili. Bendi inayosalia ina maana mbili pia: ama kimeng'enya hakikuifikia, ama kiliifikia kikashindwa kuikata kwa jinsi ilivyojikunja. Ili kuzitenganisha, ilitupasa kuufungua mlango kwa makusudi na kuona kama ncha inakatika pale inapofikiwa. Kwa kazi hiyo tulitumia kimeng'enya cha aina nyingine, lisozimu ya ute wa yai, ambayo Alexander Fleming aliieleza mwaka 1922. Lisozimu hukata nyuzi za sukari za peptidoglikani. Nayo, kwa uzito wake wa daltoni 14,300, haipiti vitunduni, kwa hiyo hutanguliwa na EDTA, ambayo hunyakua magnesi inayoshikamanisha molekuli za utando wa nje, na utando ukalegea. Seli huwekwa katika sukari ya asilimia 20 ili zisipasuke kwa kuvuta maji baada ya kupoteza kuta. Zikitazamwa kwa hadubini, vijiti vya E. coli hugeuka duara. Binti yule alikaa kwenye hadubini mpaka akahesabu duara 9 katika kila seli 10, kisha akarudisha magnesi na kutia protinasi K.

Katika seli hizo zilizofunguliwa, mkia wa OmpA uliliwa, GroEL ikasalia, na bendi ya lipoprotini ikatoweka. Hiyo ndiyo picha tuliyokuwa tunaitafuta: mlango ukifungwa ncha husalia, mlango ukifunguliwa ncha huliwa, na vyumba ni salama katika hali zote mbili. Tukairudia kwa tripsini, ambayo husimamishwa kwa kizuizi cha soya, protini isiyovunjwa na maji kama PMSF, na kipande cha OmpA kikatokea kwenye 24 kama kinavyotarajiwa, nayo lipoprotini ikakatwa katika seli zilizofunguliwa tu.

Kuna jambo moja lililonipa faraja katika marudio haya. Mwenzetu mmoja alishauri tutumie protini ya uani inayoshika maltosi, iitwayo MBP, kuwa kipimo cha mlango, kwa sababu kingamwili yake tunayo. Binti aliipima, akaja na kuniambia kwamba MBP haikukatwa hata katika seli zilizofunguliwa, na kwamba haamini kuwa hiyo ni dalili ya mlango kufungwa, kwani mkia wa OmpA katika tyubu hiyo hiyo umeliwa. Alikuwa sahihi. MBP iliyokunjika ni ngumu mbele ya protinasi K. Wapo waliotumia ugumu huo huo kupima kama imeshakunjika au bado. Anayeitegemea kama shahidi wa mlango ataambiwa mlango umefungwa hata ukiwa wazi. Wiki mbili kabla ya hapo asingeliuliza swali hilo, na nadhani mimi pia ningelipita haraka.

Yapo mambo ambayo matokeo haya hayayasemi. Tulichokifuata ni ncha ya histidini, si mwili mzima. Kitanzi cha katikati kinaweza kujitokeza nje bila ya kingamwili yetu kujua. Kulijibu hilo kunahitaji kingamwili ya protini nzima, au kuhamishia alama katikati ya mnyororo wake na kuanza upya. Pia E. coli K-12 haina ile minyororo mirefu ya sukari, antijeni O, inayofunika uso wa bakteria wengi, ilhali Vibrio cholerae O1 inayo. Kukosekana kwake kulitusaidia, kwa kuwa hapakuwa na msitu wa sukari wa kuificha ncha ambayo ingelikuwapo nje, lakini maana yake pia ni kwamba tumeitazama protini katika nyumba isiyo yake. Huenda katika Vibrio kuna mashine ya kuipeleka barazani ambayo E. coli hana.

Jaribio la Vibrio yenyewe haliwezi kufanyika katika chumba chetu, ambacho hakina kiwango cha usalama kinachotakiwa. Sentensi iliyoandikwa katika tasnifu, baada ya rasimu nne, inasema kwamba ncha ya mwisho ya lipoprotini hii, ikiwa ndani ya E. coli K-12, ipo upande wa periplazimu, na haikuongezwa neno baada ya hapo.